Mtu wa Tano: Swali la Haki katika Kuteua Mchezaji wa Akiba

Swali la nani anastahili tuzo, kati ya aliyetenda na aliyekuwa tayari kutenda lakini hakuitwa, ni la zamani kuliko michezo ya kisasa, na wanafalsafa pamoja na wanazuoni wa dini wamelijibu kwa njia zinazopingana. Ni mahali pachache, hata hivyo, ambapo swali hilo hujitokeza kwa uwazi kama linavyojitokeza katika uteuzi wa mchezaji wa akiba wa timu ya taifa ya kalingi inayokwenda kwenye Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi, kwa kuwa katika mchezo huo mchezaji wa akiba ni mmoja tu, hukaa peke yake, na timu yake ikishinda anaweza kurudi nyumbani akiwa na medali shingoni bila watazamaji kumwona akifanya jambo lolote.

Kalingi ni mchezo uliozaliwa Uskoti zaidi ya miaka 400 iliyopita, ambamo timu mbili za watu wanne wanne hupokezana kutelezesha mawe ya graniti, yenye uzito wa kati ya kilo 17 na 20, juu ya uwanja wa barafu wenye urefu wa takribani mita 45, kila timu ikijaribu kuyasimamisha mawe yake karibu zaidi na kitovu cha duara lililochorwa upande wa pili, duara ambalo wachezaji huliita nyumba. Barafu hunyunyiziwa matone ya maji ambayo huganda na kuwa vipele vidogo, na juu ya vipele hivyo jiwe lililozungushwa kidogo wakati wa kuachiwa hupinda njia yake taratibu, huku wachezaji wawili wakikimbia mbele yake na kuisugua barafu kwa brashi ili jiwe liende mbali zaidi au lisipinde mapema. Mechi ya Olimpiki ina awamu 10, na katika kila awamu kila mchezaji hurusha mawe mawili, kwa hiyo mechi ikichezwa hadi mwisho mawe 160 huwa yamerushwa na kila mmoja wa wale wanne huwa amebeba fungu lake la mawe 20. Mchezo huu umekuwa ukitolewa medali mfululizo tangu Michezo ya Nagano ya mwaka 1998, na timu zinazoushiriki husafiri na mtu wa tano.

Hali ya mtu huyo wa tano haifanani na ya mchezaji wa akiba wa soka, anayeweza kuingizwa kwa sababu za mbinu au kwa kumpumzisha mwenzake aliyechoka, na ambaye kila dakika inayopita humwongezea matumaini. Katika kalingi wale wanne kwa kawaida hucheza mwanzo hadi mwisho, na uelewano wao, yaani namna nahodha anavyosoma sauti ya mfagiaji na mfagiaji anavyosoma mkono wa mrushaji, hujengwa kwa miaka na ndiyo nguvu yao kuu. Kanuni zenyewe zinairuhusu timu iliyobakiwa na watu watatu kuendelea na mechi, wawili wa kwanza wakirusha mawe matatu kila mmoja na wa mwisho mawili, jambo linaloonyesha kwamba mchezo haukuujenga msingi wake juu ya kuwapo kwa mtu wa tano. Anaitwa pale mwenzake anapougua, anapoumia, au pale mechi inapokuwa imeshaamuliwa na wenzake wakataka naye aikanyage barafu.

Kiswahili humwita mtu huyu mchezaji wa akiba, na jina hilo linastahili kutazamwa kabla ya kuendelea. Akiba ni kitu kilichowekwa kwa ajili ya siku isiyojulikana, nafaka ghalani au fedha kibindoni, na wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Lakini ustadi wa binadamu si nafaka. Mkono usiorusha jiwe husahau uzito wake, jicho lisilosoma barafu hupoteza kipimo, na moyo uliokaa siku nyingi pembeni huanza kuzoea kutohitajika, kwa hiyo mtu aliyewekwa akiba huoza upesi kama hakuna anayeitunza akiba hiyo, na mtunzaji wa kwanza hana budi kuwa yeye mwenyewe. Hapa ndipo ugumu wa uteuzi unapoanzia. Wateuzi wanatafuta mtu mwenye hamu ya kucheza iliyo kali kiasi cha kumwamsha alfajiri afanye mazoezi ya mechi ambayo pengine haitakuja, na papo hapo wanamtaka awe na utulivu wa kutoumia mechi hiyo isipokuja. Wanamtaka aweze kushika nafasi yoyote kati ya nne, ilhali hana hata moja iliyo yake. Wanamtaka aombee afya ya mtu ambaye ugonjwa wake ndio ungekuwa mlango wa yeye kucheza. Sharti hili la mwisho ni zito kimaadili kuliko yote, na hakuna kipimo cha uwanjani kinachoweza kulipima.

Mataifa hayamteui mtu huyu kwa njia moja. Kanada, kwa desturi, huipeleka timu iliyoshinda mashindano ya mchujo ikiwa timu kamili, watu wanne waliochaguana wenyewe, na mtu wa tano huwa ni yule ambaye hao wanne wanaamini wanaweza kuishi naye. Uingereza ilifuata njia nyingine kwa upande wa wanawake kuelekea Michezo ya Beijing ya mwaka 2022: baada ya kushindwa kufuzu moja kwa moja, kiliundwa kikosi cha wachezaji tisa, wakachanganywa na kupimwa kwa pamoja, kisha wakateuliwa watano, Eve Muirhead akiwa nahodha na Mili Smith akiwa mchezaji wa akiba, na timu hiyo ikatwaa dhahabu kwa kuifunga Japani 10 kwa 3. Njia ya kwanza ina hatari ya kumteua rafiki badala ya mchezaji. Ya pili ina hatari ya kumfanya mtu wa tano ajione kuwa aliyeshindwa kuwa wa nne. Tofauti hiyo si ndogo, kwa maana anayejiona wa tano kwa wito na anayejiona wa nne aliyekataliwa hukalia kiti kimoja kwa mioyo miwili tofauti.

Hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi ya kumpa mtu huyu tuzo ni ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ambaye katika kitabu chake cha maadili, kile kinachoitwa Maadili ya Nikomako, alitoa mfano wa Olimpiki yenyewe. Alieleza kwamba wanaovikwa taji pale si walio wazuri na wenye nguvu kuliko wengine, bali ni wale wanaoingia kushindana, kwa kuwa washindi hutoka miongoni mwao. Maana yake ni kwamba kuwa na uwezo si sawa na kuutumia, na kwamba wema uliolala ndani ya mtu, usiowahi kuwa tendo, haustahili sifa ya wema uliotendwa. Hoja hii haiwezi kupuuzwa, kwani bila hiyo kila mwenye kipaji angedai taji akiwa nyumbani kwake, na ushindani wenyewe ungekosa maana.

Jibu la kwanza linatoka ndani ya mchezo. Mawe ya kalingi hayafanani hata yakitengenezwa kwa vipimo vile vile. Moja hukimbia zaidi, jingine hupinda mapema, na timu inayojua tabia za mawe yake nane katika kila njia ya barafu inaweza kuyagawa kwa jozi zinazolingana, ili mchezaji asishangazwe na jiwe lake la pili baada ya kulizoea la kwanza. Kazi ya kuyajua mawe hayo hufanywa sana katika mazoezi ya usiku, wakati mechi za siku zimekwisha na wale wanne wamekwenda kupumzika, na wafanyao kazi hiyo ni kocha na mchezaji wa akiba, ambaye hurusha jiwe baada ya jiwe katika ukumbi usio na watazamaji, akiandika lipi linaelekea wapi. Kesho yake nahodha anapoomba jiwe fulani kwa mrusho fulani, ujuzi anaoutumia ulipatikana kwa mkono wa mtu aliyeketi sasa pembeni akiwa amevaa koti. Kwa hiyo si kweli kwamba mtu wa tano hakutenda. Alitenda mahali ambapo kamera hazikuwapo.

Hata hivyo jibu hilo halimalizi swali. Likiachwa peke yake, linamtetea mchezaji wa akiba kwa kumgeuza kuwa msaidizi wa kocha, na linauacha bila utetezi ule utayari wenyewe, ambao ndio kiini cha cheo chake. Ni lazima kuulizwa kama kukaa tayari, pasipo kuongezewa kazi nyingine yoyote, kunaweza kuhesabiwa kuwa tendo. Na hapa Aristotle mwenyewe, katika kitabu chake kuhusu nafsi, anatoa ufunguo, kwa kuwa alitofautisha ngazi mbili za uwezo: kuna mtu anayesemwa kuwa na uwezo wa sarufi kwa sababu tu ni binadamu anayeweza kufundishwa, na kuna mtu aliyekwisha kujifunza sarufi ambaye anaweza kuitumia wakati wowote apendapo ikiwa hakuna kinachomzuia. Huyu wa pili hayuko pale alipo wa kwanza. Amekwisha kuvuka kutoka uwezo mtupu hadi umiliki wa kitu halisi. Mchezaji wa akiba wa Olimpiki ni wa ngazi hii ya pili, na kinachomzuia kutumia ustadi wake si uvivu wala woga bali ni afya njema ya wenzake. Tena, tofauti na msomi aliyelala usingizi huku sarufi ikiwa kichwani mwake, yeye yuko macho, naye hulazimika kuuchagua upya utayari wake kila siku.

Mapokeo ya dini yamekwenda mbali zaidi ya hapo. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 30, Daudi aliwafuatia Waamaleki akiwa na watu 600, na walipofika kijito cha Besori watu 200 walikuwa wamechoka mno kuvuka, wakabaki na mizigo huku 400 wakiendelea hadi ushindi. Waliporudi, baadhi ya wapiganaji walikataa kuwagawia mateka wale waliobaki, lakini Daudi aliamua kwamba fungu la aliyeshuka vitani na fungu la aliyekaa na vitu yawe sawa. Ikumbukwe kwamba wale 200 hawakubaki kwa hiari ya kishujaa. Walibaki kwa uchovu, na bado hawakunyimwa. Katika historia ya Uislamu kuna hukumu inayokaribia hiyo: Uthman bin Affan hakuwapo kwenye Vita vya Badri vya mwaka 624, kwa kuwa alibaki Madina akimuuguza mkewe Ruqayya, binti wa Mtume Muhammad, na Mtume akampa fungu la ngawira kama waliopigana, pamoja na thawabu yao. Msingi wa hukumu ya namna hiyo ni nia, yaani kusudio la moyo ambalo katika sheria ya Kiislamu hubeba uzito wa tendo pale mtu anapozuiwa na udhuru wa kweli.

Yapo mafundisho mengine ya Kiislamu yanayofaa zaidi kulieleza jambo hili, nayo ni ya faradhi kifaya, wajibu unaoilazimu jumuiya nzima lakini ambao wakiutimiza baadhi yao huwaondokea wengine, kama ilivyo sala ya jeneza. Mtu anaweza kudhani kwamba mchezaji wa akiba ni yule aliyeondokewa na wajibu kwa sababu wanne wengine wameutimiza. Kufikiri hivyo ni kosa. Wajibu wa kurusha mawe ndio uliomwondokea. Wajibu wa kuwa tayari haukumwondokea hata saa moja, kwani hakuna mwingine wa kuubeba, na kwake yeye umekuwa sawa na faradhi ya kila mtu binafsi. Wale wanne wakimaliza mechi hupumzika na mzigo wao huwa umetuliwa. Yeye hana saa ambayo wake hutuliwa.

Pingamizi la pili ni tofauti, nalo halihusu tuzo bali utu. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili kwamba kila kitu kina ama bei ama heshima: chenye bei kinaweza kuwekewa kingine kilicho sawa nacho badala yake, lakini kilicho juu ya bei yoyote hakina mbadala, na binadamu yuko katika fungu hili la pili. Ikiwa ndivyo, je, kumteua mtu awe mbadala wa mwenzake si kuwavunjia heshima wote wawili, mmoja kwa kumwambia kwamba anabadilishika na mwingine kwa kumwambia kwamba yupo kwa ajili ya kubadilishia tu?

Jibu linapatikana katika kutenganisha nafasi na mtu. Sura ya kwanza ya Matendo ya Mitume inasimulia jinsi mitume 11 walivyotafuta wa kuijaza nafasi ya Yuda, na sharti waliloliweka halikuwa ufasaha wala nguvu bali ni kwamba mteuliwa awe amefuatana nao muda wote, tangu ubatizo wa Yohana hadi siku ya kupaa kwa Yesu. Waliolitimiza sharti hilo na kupendekezwa walikuwa wawili, Mathiya na Yusufu aitwaye Barsaba, na kura ikamwangukia Mathiya. Yeye alipokea huduma iliyoachwa wazi. Hakugeuka kuwa Yuda, wala hakuwa nakala ya mtu yeyote. Vivyo hivyo mchezaji wa akiba anayeingia katika nafasi ya pili hambadilishi mtu wa pili. Anaibeba kazi ambayo ingebaki chini. Linalogusa zaidi katika simulizi hiyo ni kwamba Mathiya na Barsaba walikuwa wamefuatana na wenzao kwa miaka bila cheo chochote, na hapakuwa na ahadi kwamba nafasi ingepatikana. Kuwapo kwao ndiko kulikowafaa. Barsaba, ambaye kura haikumwangukia, hatajwi tena katika kitabu hicho, na msomaji mwenye moyo hawezi kuupita ukimya huo bila kumfikiria.

Mfano mgumu kuliko yote katika historia ya kalingi ya Olimpiki ni wa timu ya wanaume ya Kanada ya mwaka 2006. Brad Gushue, Mark Nichols, Mike Adam na Jamie Korab walikuwa vijana wa Newfoundland, na kabla ya mashindano ya mchujo ya mwaka 2005 waliamua kumwingiza Russ Howard, bingwa wa dunia wa mwaka 1987 na 1993, ambaye alitimiza miaka 50 wakati wa Michezo yenyewe. Adam alikubali kumwachia nafasi akawa mtu wa tano. Timu hiyo iliifunga Finland 10 kwa 4 katika fainali mjini Pinerolo, karibu na Turin. Hapa mteuliwa hakutoka nje kuja kuongeza nguvu, bali alitolewa ndani akasogezwa pembeni na wenzake mwenyewe. Inaweza kuulizwa kama ridhaa ya kijana aliye mbele ya rafiki zake watatu, taifa zima na ndoto ya medali ni ridhaa huru kweli, na swali hilo si la kupuuzwa. Lakini kukubali kwa shida bado ni kukubali, na wanaodai kwamba sadaka lazima itolewe bila uchungu ndipo ihesabiwe wameisahau maana ya sadaka.

Joe Polo wa Marekani anatoa mfano wa upande wa pili. Mwaka 2006 alicheza katika timu ya Pete Fenson iliyopata shaba, na mwaka 2018 mjini Gangneung alikuwa mchezaji wa akiba wa timu ya John Shuster iliyopata dhahabu kwa kuifunga Sweden 10 kwa 7. Kwa kipimo cha Aristotle, shaba ndiyo yake kweli na dhahabu ni ya kuazima. Kwa kipimo cha Besori, zote mbili ni zake sawasawa. Kipimo cha pili ndicho cha haki, na sababu si huruma: ushindi wa 2018 ulipatikana na watu wanne waliocheza wakijua kwamba homa ya mmoja wao haitaiangusha timu, na ujuzi huo ulikuwa sehemu ya mchezo wao kila waliporusha jiwe.

Lakini ujuzi huo una thamani pale tu unapokuwa wa kweli. Katika fainali ya Nagano mwaka 1998 nahodha wa Kanada, Mike Harris, aliongoza timu yake akiwa anaugua mafua makali, na Uswisi ikashinda 9 kwa 3, ilhali mtu wa tano wa Kanada alikuwa Paul Savage, bingwa wa dunia wa mwaka 1983. Si rahisi kumlaumu nahodha aliyekataa kuiacha fainali, wala hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba matokeo yangekuwa mengine. Linalobaki ni swali ambalo kila kikosi kinapaswa kulijibu kabla ya safari na si katika asubuhi ya homa: ni katika hali gani hasa mtu wa tano ataitwa, na nani atakuwa na mamlaka ya kumwita? Timu isiyolijibu imemteua mtu wa kukaa, haijamteua mchezaji.

Wanaoteua timu za taifa wana wajibu wa kumwambia mtu wa tano ukweli wote kabla hajakubali, kwamba pengine hatarusha jiwe hata moja mbele ya watu. Wana wajibu wa kumteua kutoka miongoni mwa waliofuatana na timu, si kumwokota dakika za mwisho kwa jina lake kubwa. Na medali wampe kama haki iliyoandikwa, bila kumtafutia awamu moja ya mwisho ya kumwingiza ili ionekane kwamba ameistahili. Daudi hakuiacha hukumu yake iwe hisani ya siku ile, bali aliifanya kuwa sheria katika Israeli. Na mabingwa wa Olimpiki wa kalingi ya wanaume wa mwaka 2006 ni watano: Gushue, Nichols, Howard, Korab na Adam.